Mwaka wa Mabati

Kwenye jubilei ya parokia yetu ya Tunduma, katibu alisimama mbele akasoma historia ya kanisa, kuanzia wamisionari wa kwanza waliopita wakielekea bondeni hadi vigae na spika tunazozitumia leo. Alitaja mapadre wote, walio hai na waliotangulia. Alimtaja marehemu Bosi Edson, mfadhili wa paa la kwanza la bati, na watu wakapiga makofi hadi mjane wake akainuka kwenye kiti cha mbele akapunga mkono. Mimi nilikuwa nimekaa na walimu wenzangu, nikisubiri litajwe jina la Mwalimu Silvanus, katekista aliyetuongoza pale wakati Tunduma ilikuwa kigango tu, padre akija mara moja kwa mwezi, tena barabara ikiruhusu. Katibu akakunja karatasi, kwaya ikapokea. Chakula kilikuwa pilau na kuku. Nilikula kidogo, nikamwambia jirani yangu tumbo linanisumbua, nikaondoka. Njiani niliwaza kwamba Mwalimu bado yu hai, yuko kwenye shamba lake Nanyala, na kwamba kama sitamwambia mimi jinsi alivyonishika mkono bila kujua, atakufa akidhani mwaka ule niliokaa nyumbani kwake ulipotea bure. Wiki iliyofuata nilikwenda. Nitaeleza nilichokikuta huko, lakini haitaeleweka bila mwaka wenyewe.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilitaka kuwa sista. Masista walisema nikae kwanza kwenye familia ya Kikristo, nifundishe watoto katekisimu, ili ijulikane kama wito wangu ni wa kweli au ni woga wa kuolewa. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Mwalimu Silvanus, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama, na mkewe tuliyekuwa tunamwita Mama Vero, kwa jina la binti yao mdogo, Veronika. Nyumba ilikuwa mali ya kigango, nyuma tu ya kanisa. Sebuleni kulikuwa na viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, redio ya betri iliyowekwa juu ya Biblia ili ishike mawimbi vizuri, na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliyopauka upande mmoja kwa sababu ya jua la dirishani. Dirisha lenyewe lilitazama barabara kuu. Malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Zambia yalipanga foleni hadi mbele ya nyumba, na yakiwashwa asubuhi vikombe vililia kabatini. Mama Vero alikuwa anasema ndiyo kengele yetu ya sala ya Malaika wa Bwana. Tulikuwa tunakula ugali na maharage, Jumapili dagaa wa Mpulungu, na Mwalimu aliombea chakula kwa muda mrefu kiasi kwamba Vero alizoea kugusa ugali kwa kidole kuona kama bado una joto.

Kila jioni jumuiya ilikuja kusali rozari. Wanawake walivua ndala mlangoni, wakakaa kwenye mkeka, na Mama Adela, mwenyekiti wao, akaanzisha wimbo. Alikuwa anauza vitenge, anavuka kwenda Nakonde na kurudi karibu kila siku, na alikuwa na sauti ambayo mpaka leo sijasikia nyingine ya kufanana nayo. Akianza litania hata madereva nje walizima redio. Baada ya sala ilikuja chai ya rangi na viazi vitamu vya kuchemsha, na maongezi ambayo mimi niliyasikia nikiwa jikoni, mlango ukiwa wazi. Walizungumzia sukari, waliofiwa, wasichana wa Mlowo wanaopanda malori. "Siku hizi kila kitu ruksa," alisema Mama Adela jioni moja, "ila kuumwa tu ndiyo marufuku." Wote wakacheka, kwa maana zahanati ilikuwa imeanza kudai watu wachangie, na sindano ununue mwenyewe dukani. Uchaguzi ulipokaribia maongezi yalibadilika. Mmoja alisema vyama vingi ni vita, hamuoni ya Rwanda. Mwingine akasema mbona wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wamebadilisha serikali bila ngumi hata moja. "Bila ngumi, sawa," Mama Adela akajibu, "na unga je? Waulize wanakula nini." Ndipo wakamgeukia Mwalimu wakitaka neno lake. "Kura ni ya mtu na dhamiri yake," alisema. "Humu ndani tunawaombea wote. Atakayeshinda apate hekima, atakayeshindwa apate usingizi." Walicheka tena, wakavaa ndala, wakaondoka wakiaga kwa Kinamwanga na Kinyiha kila mmoja kwa lugha yake. Nikitafuta furaha katika ule mwaka, ninaikuta pale pale mlangoni na haiendi mbali zaidi.

Bosi Edson aligombea udiwani kwa tiketi ya chama tawala. Watu wakisikia habari hii huwa wanataka nimfanye shetani, na mimi siwezi. Alikuwa Mkatoliki wa kusali. Alianza kwa kusukuma mkokoteni wa mizigo ya watu mpakani, na biashara ilipofunguliwa alijua mapema kuliko wengine kipi kivuke na kipi kisubiri, hadi akawa na malori yake. Alizika wageni waliofia gesti bila ndugu. Alikuwa mnene, mcheshi, anajua majina ya watoto wa kila mtu. Alikuja kwetu jioni moja ya kiangazi jumuiya ikiwa imeshaondoka, akamsalimu Mwalimu mlangoni kwa Tumsifu Yesu Kristo, akakaa, akaomba chai kama mtu wa nyumbani.

"Mwalimu, mimi sitazunguka," alisema. "Mvua zilizopita mama yangu alitoka kanisani amelowa, akaumwa mwezi mzima. Nyasi zile zimeoza, na nailoni mliyoweka juu imekuwa chujio. Nimeagiza mabati. Ya jengo lote, na mbao zake. Jumapili nayaleta. Nitaomba tu dakika chache niwasalimie ndugu zangu."

"Uwasalimie ukiwa wapi?"

"Pale mbele. Pale unaposomea."

Nilikuwa nimesimama na birika, sikujua kama nimimine au nirudi jikoni.

"Edson, Mungu akubariki," Mwalimu alisema. "Lakini yalete baada ya uchaguzi. Ukishinda yalete, ukishindwa yalete. Kama ni sadaka, haitaoza."

"Mvua haisubiri uchaguzi, Mwalimu."

"Tumelowa miaka yote. Tutalowa na mwaka huu."

Edson hakukasirika. Alimaliza chai yake, akamsifu Mama Vero kwa viazi, akaniuliza kama ni kweli nataka usista, akaniambia nikifika huko nisimsahau kwenye sala. Alipotoka, Mama Vero alirudi jikoni akaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa tayari safi. Alikuwa mjamzito, mimba ilikuwa imeanza kuonekana. "Tutalowa," alisema kwa sauti ya chini, si kwangu, kwa sufuria. "Yeye analowa amesimama peke yake. Wenzake wanalowa na watoto mgongoni." Kisha akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona, akasema, "Lakini ana haki. Hiyo ndiyo shida yake, mwanangu. Ana haki."

Jumapili Edson akaja vilevile. Padre hakuwepo, ilikuwa ibada ya kawaida ya katekista. Tulikuwa tumemaliza somo la kwanza tukasikia ngoma, halafu honi, halafu lori likaingia uwanjani na vijana wenye bendera juu ya mabati, wakiimba nyimbo za kampeni. Mabati yalikuwa yanang'aa hata ndani ya kanisa ukaona mwanga unatembea ukutani. Edson aliingia amevua kofia, akapiga ishara ya msalaba, akapita katikati akielekea mbele akitabasamu, na mwenyekiti wa halmashauri ya walei akainuka kumpisha. Mwalimu alikuwa kwenye mimbari. Hakupandisha sauti. "Ndugu Edson, karibu ukae usali nasi. Salamu utazitoa nje, ibada ikiisha." Edson akasimama. Nadhani hakuwa ameamini kwamba jambo lile lingefika pale. Watu waligeuka kumtazama yeye, wakageuka kumtazama Mwalimu, na mimi nilijua kwa namna shingo zilivyogeuka kwamba tumeshashindwa. Akasema taratibu, "Basi, ndugu zangu, mimi nitawasalimia nje," akatoka. Mama Adela ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfuata. Hakutoka kwa hasira. Alikunja kitenge chake, akainama kidogo mbele ya altare kama inavyopasa, akatoka, na nyuma yake kanisa likamwagika kama gunia lililotobolewa. Tulibaki Mama Vero, mimi, Vero, na wazee wachache ambao kuinuka kwao kulikuwa kazi. Nje walishangilia. Mwalimu akafungua Injili akaisoma yote, akahubiri, akaomba, kwa sauti ile ile ya kila Jumapili, kama vile viti vilikuwa vimejaa.

Nimefundisha uraia miaka mingi. Nimewafafanulia watoto maana ya kura ya siri, na kila nikifika hapo naona lile lori. Watu wale hawakununuliwa. Neno hilo ni rahisi mno. Walikuwa wameambiwa miaka yote kuwa wavumilie, serikali itafanya, chama kitafanya, padre ataandika Ulaya kuomba msaada. Sasa wakaambiwa serikali haina uwezo tena, kila mtu ajitegemee, na mtu wa kwanza aliyewaletea kitu cha kushika mkononi akafungiwa mlango na mwenye kujua dini kuliko wao. Nawaelewa. Nimejaribu miaka yote hii kuwaelewa bila kuwasamehe, kisha kuwasamehe bila kuwaelewa, na sijui nimefanikiwa katika lipi.

Jumuiya iliacha kuja. Hakuna aliyetangaza. Jioni ya kwanza walikuwa wachache, Mama Adela akatuma salamu kuwa miguu inamuuma. Wiki iliyofuata hakuja mtu, na tukasikia litania inaimbwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulisali wenyewe. Sauti zetu zilikuwa ndogo kwenye sebule ile, na lori likiwashwa nje zilimezwa kabisa. Sokoni ikasemwa kuwa Mwalimu amepewa kitu na wapinzani, kwamba anataka nchi iwe kama Burundi. Kisha wapinzani wenyewe wakaja, vijana wa stendi na bendera yao, wanataka kumshika mkono. "Mwalimu, wewe ndiye wetu," walisema. "Mimi si wenu," akawajibu. "Na ninyi mkija na mabati nitawaambia hivyohivyo." Walicheka wakidhani anatania. Walipoona hacheki wakaondoka, na mmoja akasema kwa sauti ili asikike kuwa mzee huyu anasubiri watakaompa zaidi.

Edson alishinda. Ngoma zilipigwa mpakani kutwa nzima, hata Wazambia wakavuka kuja kucheza. Mvua ikaanza muda mfupi baadaye, na ilianza kwa fujo, na upepo wa baridi kama ule wa Tunduma unavyojua kuingia hadi chini ya blanketi. Mabati yalikuwa yamepangwa kwenye ua wa Edson. Halmashauri ya walei ilisema inamsubiri Paroko aamue. Kanisani maji yalidondoka kwenye vitambaa vya altare, kwenye mabega, kwenye vichwa vya watoto, na kila tone lilipoanguka watu walimtazama Mwalimu, kimya, bila neno lolote la kumlaumu.

Mama Vero akajifungua kabla ya wakati wake. Kwetu mwanamke wa jumuiya akijifungua haachwi. Wenzake huja na kuni, na uji, wanamwosha mtoto, wanamkanda mama, wanakaa. Nilikuwa nimewaona wakifanya hivyo kwa wengine, na Mama Vero mwenyewe alikuwa ameosha watoto wa nusu ya mtaa ule. Tukasubiri. Mama Adela alipita barabarani na mwavuli, akaita, "Hongera jamani!" akaendelea na safari. Nilibaki mimi, msichana aliyejua Amri za Kanisa kwa moyo na hakujua jinsi ya kushika shingo ya mtoto mchanga. Mama Vero alinielekeza akiwa kitandani, kuni zilikuwa mbichi, chumba kilijaa moshi. Mtoto wa kiume, mdogo kama mkate. Baada ya siku chache akaanza kupumua haraka, mbavu zikiingia ndani. Mwalimu alimbeba hadi zahanati kwenye mvua akarudi naye. Dawa hazikuwepo, aliambiwa ampeleke hospitali ya wilaya, na gari pekee la kuazima mtaani lilikuwa pikapu ya Edson, nayo ilikuwa imekwenda Mbeya kuleta saruji. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lingekuwepo, Edson angelitoa, sina shaka.

Mchana ule Mwalimu alichukua kikombe cha plastiki, akaleta maji yaliyochemshwa yaliyopoa, akambatiza Yosefu. Alikuwa amebatiza hivyo watoto wengi wachanga waliokuwa hatarini kufa. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda, akaomba kwa maneno yake, si ya kitabuni. Nilikuwa nimeshika ndoo mlangoni. "Huyu tu," alisema. "Bwana, huyu tu. Sikuombi kingine." Alirudia hivyo hadi nikaona aibu kuwa nasikia. Yosefu alikufa kabla chai ya jioni haijaandaliwa.

Asubuhi tuliketi sebuleni, maiti ndogo imefunikwa kitenge, tukisubiri watu ambao hawakuja. Kaburi lilikuwa halijachimbwa. Mwalimu alikuwa anatafuta jembe. Ndipo pikapu ya Edson ikasimama nje, na ndani yake mikeka, sukari, gunia la unga, na sanduku dogo la mbao lililopigwa randa vizuri. Alishuka akaja mlangoni amevua kofia. Mwalimu akasimama mlangoni, jembe mkononi, hakusogea. Walitazamana. Kutoka chumbani Mama Vero akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Baba Vero, mwache aingie. Mwanangu hatazikwa na watu wa nyumba hii tu kama mtu asiye na kwao."

Mwalimu akasogea. Edson akaingia, na nyuma ya Edson, ndani ya muda mfupi, ikaingia jumuiya yote. Walikuja na kuni kavu. Walijaza jikoni, wakaosha vyombo, wakapika. Edson alilia, nimejaribu kuyaona yale machozi kama ya siasa na nimeshindwa, yalikuwa ya kweli. Mama Adela akaanza litania akiwa amekaa chini, mgongo ukutani, na ilikuwa nzuri kama siku zote, na mimi nilimchukia kwa uzuri ule. Wenzangu waliniambia baadaye kuwa mazishi yalikuwa makubwa sana kwa mtoto mchanga. Yalikuwa makubwa. Mwalimu alishukuru kila mtu kwa mkono, Edson naye, na walipopeana mikono watu waliguna kwa kuridhika, kama kitu kilichokuwa kimevunjika kimeungwa.

Baba Paroko akafika kabla ya Noeli, buti zake zimejaa matope. Alikuwa mzee mwema, amechoka, ana vigango vingi kuliko nguvu. Nilimpa chai. "Silvanus, mwanangu," alisema, "umefanya sawa. Mimi ningekuwa wewe sijui kama ningethubutu. Lakini kanisa si la waliofanya sawa peke yao. Watu hawa nitawachunga vipi kama hawaji? Pumzika kidogo."

"Kidogo ni mpaka lini, Baba?"

Paroko alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Tutaona," alisema.

Nyumba ilitakiwa kwa katekista mpya. Tulifunga vyombo huku mafundi wakipigilia mabati, na nyundo zilisikika kutwa ndani ya sebule ile. Noeli ikafika, kanisa limejaa hadi nje, na mvua ikanyesha juu ya bati kwa kelele kiasi kwamba Injili haikusikika, na watu wakacheka kwa furaha, wakanyoosha mikono juu kugusa hewa kavu. Edson akasalimia kutoka mbele. Nilikuwa nimeshaamua. Ningemaliza ibada ile nirudi nyumbani, na kanisani nisikanyage tena, si kwa masista wala kwa mtu yeyote. Nikageuka nione mlango uko mbali kiasi gani, nikamwona Mwalimu Silvanus kwenye benchi la mwisho, kati ya vijana wa stendi. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya udongo, macho yamefumbwa, midomo inacheza. Nikasema moyoni, kama huyu anaweza kusali hapa leo, mimi ni nani. Nikabaki.

Kwa masista sikwenda. Niliwaambia sijui tena nilikuwa nasikia nini nilipodhani naitwa, nao hawakunisihi. Nilisomea ualimu, nikaolewa, nikaachwa, nikazika mtoto wangu mwenyewe, nikaona nchi ikipata vyama na magazeti na simu, na kila uchaguzi mtu akaja kanisani na kitu chake, ikiwa si saruji ni kinanda, na hapakuwa na katekista mwingine aliyemwambia asubiri nje. Kila nilipotaka kuacha nilikumbuka ile midomo. Sikuwa na hoja nyingine. Waumini wenzangu walikuwa na vitabu, na hija, na miujiza ya mafuta ya upako. Mimi nilikuwa na mtu mmoja aliyepiga magoti benchi la mwisho.

Hayo ndiyo niliyokwenda kumwambia Nanyala. Nilimkuta uani, mzee sasa, jicho moja lina ukungu, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Mama Vero alinikumbatia akalia kidogo, akarudi jikoni kunichinjia kuku nikimkataza. Vero ameolewa Mwanza. Nilikaa kwenye kigoda nikasaidia kupukuchua, nikamweleza ya jubilei, akatikisa kichwa tu. Kisha nikamweleza ya Noeli. Sikuwahi kumweleza mtu.

Aliendelea na hindi lake hadi likaisha. "Ulikuwa umekaa wapi?" aliniuliza.

"Upande wa wanawake, karibu na nguzo."

"Basi uliona midomo tu." Akachukua hindi jingine, hakulipukuchua. "Sikuwa nasali, Anastazia. Nilijaribu. Maneno niliyasema yote, lakini ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo watu wamehama. Nikadhani ni kwa sababu ya msiba, itarudi. Nimeisubiri mpaka leo."

"Ni kwa sababu ya Edson? Ya Paroko?"

"Hapana. Edson alikuwa mtu wa kawaida, nilimsamehe kabla hajafa. Ningekuwa na hasira nao ingekuwa afadhali, ningekuwa na wa kugombana naye." Akalirudisha lile hindi kwenye ungo. "Niliomba kitu kimoja. Wewe ulikuwepo."

Kuku alikuwa ameshanyamaza huko jikoni, nikasikia maji yanamiminwa.

"Mama Vero anajua?"

"Hajui." Aligeuza lile jicho zima kuelekea jikoni. "Yosefu yuko mbinguni, ndivyo anavyolala usiku. Yuko mbinguni kwa sababu mimi nilimbatiza. Sasa mimi nimwambie nini?"

Tulikula jua likizama. Mama Vero alinipa firigisi kama mgeni wa heshima, akanieleza habari za jumuiya yao ya Nanyala, nani anaumwa, nani amerudi kundini. Kisha akafuta mikono, akatandika mkeka sebuleni, akaita, "Baba Vero, njooni tusali." Mwalimu akainuka akishika bega langu. Alipata taabu kupiga magoti, akashuka goti moja kisha jingine, akatoa rozari mfukoni. Mama Vero aliongoza. Sauti yake imechakaa, anakohoa katikati. Lakini Mwalimu aliitikia kwa sauti iliyonyooka, ya katekista, kila neno mahali pake, na mtu angepita nje angesema hapa kuna nyumba ya sala. Nilimtazama midomo. Kwenye tendo la tatu la rozari Mama Vero alichoka, akanigusa goti. "Mwanangu, pokea wewe."

Nikafungua mdomo. Maneno yakatoka yote, bila kukosea hata moja, na Mwalimu akaniitikia, na Mama Vero alikuwa amefumba macho katikati yetu, anatabasamu.